Gari linalala bure kwa shemeji, mimi silali

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nina miaka 41, nimeajiriwa, mke wangu ni mwalimu. Jambo langu wengine wataliona la kipuuzi, maana ni habari ya mahali pa kulaza gari. Lakini limeanza kunikosesha amani ndani ya nyumba, na kwa kuwa sina wa kumwambia nimeona nikuandikie wewe.

Mama yangu anaishi Bahi. Ana tatizo la moyo na kila baada ya miezi minne anahudhuria kliniki Muhimbili. Tukienda tunakaa siku tano, kwa sababu siku ya kwanza daktari anaagiza vipimo, majibu yanasubiriwa, ndipo anaonwa tena. Zamani tulikuwa tunapanda basi. Mwaka juzi nikakopa saccos, nikanunua Noah, nikasema mama yangu hatabanana tena kwenye siti ya basi kutoka Dodoma mpaka Mbezi. Kijijini Bahi gari hilo wanaliita "gari la mama". Tangu hapo tunakwenda familia nzima: mimi, mke wangu, mama, na watoto wa miaka 11, 7 na 3.

Dar es Salaam tunafikia kwa dada yangu, Magomeni. Amepanga vyumba viwili, na kutoka pale hospitali si mbali. Tatizo ni kwamba nyumba zimebanana, mlango ukifunguliwa unagusa njia, gari halina pa kukaa. Safari ya kwanza nililiacha kwenye kona. Kijana mmoja akaniambia, "Lala tu mzee, hapa kwetu salama," nikampa buku mbili. Asubuhi vioo vya pembeni havipo, vyote viwili, na kijana naye hayupo. Kununua vingine na kufunga ilinitoka 180,000.

Safari ya pili nikapata yadi ya kulaza magari kwa 5,000 usiku mmoja. Gari lilikuwa salama, sikatai. Lakini kila asubuhi nilipanda bajaji kwa 3,000 kulifuata, nimpeleke mama hospitali, nilipie maegesho kule, jioni nilirudishe yadi na kupanda bajaji tena kurudi kwa dada. Nilipopiga hesabu ya siku tano, roho iliniuma.

Hapo ndipo kaka wa mke wangu aliposema, "Mnalipia yadi ya nini na mimi nipo? Leteni gari hapa." Ana nyumba yake Segerea, yenye fensi na geti. Uwanja wake si mkubwa na yeye ana gari lake, kwa hiyo ufunguo unabaki kwake ili aweze kusogeza. Tukakubaliana. Tukifika tunashusha mama na mizigo Magomeni, napeleka gari Segerea pamoja na kiroba cha mchele wa Bahi, narudi kwa daladala. Siku zile zote mjini tunatumia bajaji, na siku ya kurudi nalifuata gari.

Sasa Shangazi, mimi nina kawaida ya kuandika kilomita kila nikijaza mafuta. Safari ya tatu nilijaza Kibaha tukiingia, na nilipolifuata gari nikakuta kilomita 140 ambazo sizijui. Nikasema labda nilikosea kuandika. Tuliporudi Dodoma nikaangalia kwenye simu kama gari lina deni la maegesho, nikakuta limeandikwa mara mbili siku ya Jumatano. Jumatano hiyo mimi nilikuwa na mama kwenye benchi la hospitali, na gari lilikuwa "limelala" Segerea. Nikalipa, nikanyamaza. Safari ya nne, zile kilomita zikawa 90.

Utaniuliza kwa nini sisemi. Shemeji huyu ndiye aliyenipa mke. Wazee walitaka ng'ombe kumi. Yeye alisimama akasema kijana ana nane, apewe binti, hao wawili atamalizia taratibu. Ni miaka kumi na miwili sasa na hao wawili bado hawajafika. Nitamdai vipi mtu huyo mafuta?

Halafu kwenye msiba mmoja wa ukoo mwaka huu alisema mbele za watu, kwa mzaha, "Mimi kazi yangu kulaza magari ya watu, wenyewe wanalala kwa dada yao." Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka, na mpaka leo ananiambia ipo siku tulale Segerea tuondoe aibu. Habari ya kilomita hajui. Namwogopa, si kwa ubaya, ila najua atampigia kaka yake simu muda huohuo.

Mama mwenyewe hana neno. Safari iliyopita tuliposimama Gairo achimbe dawa, miguu ilikuwa imevimba, akauliza, "Hivi hilo treni mnalolisema kila siku halina viti?" Watoto wakacheka, nikaongeza sauti ya redio tukaendelea na safari.

Mwezi ujao tunakwenda tena, na watoto watakuwa wamefunga shule. Nirudi yadi, shemeji aseme nimemdharau? Nimwambie ukweli? Au niendelee kunyamaza na kulipa madeni ya maegesho ya safari zisizo zangu? Na je, Dar es Salaam kuna namna ya kulaza gari kwa bei nafuu bila kumuudhi mtu?

Ni mimi,
Baba wa Noah, Nkuhungu

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Na mama mpe mbukwa yangu, mwambie namwombea.

Barua yako si ya kipuuzi. Kwenye meza hii nimesoma barua za ndoa zilizovunjika kwa sababu ya sufuria, sembuse gari la mkopo. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kama nimekuelewa, unatafuta mahali pa kulaza gari siku tano, pawe salama, pasiwe ghali, na asinune mtu. Mahali pa kwanza palikuwa pa bei ndogo lakini vioo vikaondoka. Pa pili palikuwa salama lakini pesa ikakuuma. Pa tatu hutoi shilingi, ila gari linatembea bila wewe, na mwenye geti ni mtu ambaye huwezi kumtazama usoni ukataja mafuta. Hapo katikati yupo mke anayeona aibu ya kaka yake, na hajui kuwa wewe nawe una jambo na kaka huyohuyo.

Tuanze na pesa, maana na wewe ulianza na pesa.

Unasema yadi ilikuumiza roho. Usiku tano kwa 5,000 ni 25,000. Kilichokuumiza zaidi naona ni bajaji ya asubuhi na jioni, 6,000 kwa siku, jumla 30,000, ukiacha ulicholipa kule hospitali. Lakini bajaji hiyo hukutumwa na yadi. Ulikuwa ukilifuata gari kila asubuhi ili umpeleke mama mahali ambapo umesema mwenyewe si mbali. Lilipohamia Segerea ukaacha kulifuata, mkawa mnapanda bajaji moja kwa moja mpaka kliniki, na mama hakulalamika. Ungefanya hivyohivyo wakati gari liko yadi, ungelipa 25,000 na basi.

Segerea nako, kilomita 140 kwa Noah yenye familia na umri wake ni kama lita 15 za mafuta. Kwa bei za siku hizi hiyo ni zaidi ya 40,000. Ongeza kiroba cha mchele. Ongeza deni la maegesho ulilolipa kimyakimya. Sisemi shemeji ni mtu mbaya. Nasema tu kwamba uliponiandikia uliita yadi ghali na Segerea bure, na ningependa uipige upya hesabu hiyo ukiwa umetulia.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye barua yako, na mimi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko mafuta. Deni la maegesho linaandikwa kwa namba ya gari, halimjui dereva. Tangu TARURA, wale wakala wa barabara za mijini na vijijini, walipoingiza mfumo wa kielektroniki, yule mhudumu mwenye mashine anaandika namba iliyo mbele yake na kuondoka, nawe unakutana na deni kwenye simu. Ndivyo ulivyojua siri ya Jumatano. Sasa jiulize, ingekuwa si deni la maegesho bali ajali? Una bima gani? Wengi wetu tuna bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga. Gari lako mwenyewe likiharibika unajitengenezea. Na saccos hawatakuuliza nani alikuwa kwenye usukani, watataka rejesho la mwezi. Hata faini ya barabarani, ile 30,000 tunayoijua wote, inaweza kukusubiri kwenye namba yako kwa kosa lililofanyika ukiwa umekaa kwenye benchi na mama. Hili unaweza kulisema kwa shemeji bila kutaja wizi, bila kutaja kilomita, kwa sababu ni kweli na linamhusu yeye pia: akigonga mtu na gari lisilo lake, taabu itakuwa ya nyumba mbili.

Lakini kabla hujasema chochote, nikuulize taratibu. Una hakika shemeji anajua kwamba anafanya kosa?

Usikasirike. Mtazame alipo. Amepokea gari, amepokea na ufunguo. Uliuacha kwa ajili ya kusogeza, sawa, lakini je, ulitamka? Au mlielewana kwa macho, kama tunavyofanya wanaume kwa wanaume? Noah ni gari la watu na mizigo. Inawezekana jirani alikuwa na mgonjwa, au kulikuwa na viti vya harusi vya kubeba, akatazama uwanjani akaona gari la shemeji yake limekaa tu siku tano. Kwa watu wa rika lake, gari la mume wa dada yake ni gari la nyumbani. Na kama anakumbuka wale ng'ombe wawili, nami naamini anawakumbuka kuliko unavyodhani, huenda moyoni anaona kwamba hamna cha kudaiana. Sijui. Wewe pia hujui. Ulichokiona ni kilomita na deni la siku moja, mengine umeyajaza mwenyewe usiku ukiwa macho.

Na ule mzaha wake wa msibani usiupite haraka. "Wenyewe wanalala kwa dada yao." Mtu anayenufaika na gari lako kwa siri asingelalamika kwamba linalala kwake, angeomba Mungu muendelee kulileta. Mimi nasikia mtu aliyefungua geti akitegemea wageni, akaletewa gari na mchele. Wageni wenyewe wanashuka Magomeni. Kwetu huku mgeni akileta mzigo wake ndani na yeye akalala kwa jirani, unajua maneno yanayofuata. Yawezekana uchungu wake na uchungu wa mke wako ni kitu kimoja, na gari halimo kabisa.

Sasa, mnaweza kufanya nini? Nitakutajia ninayoyaona, na ubaya wake, halafu mtachagua wenyewe.

Mnaweza kugawana. Mke wako na watoto walale Segerea, gari likalale na watu wake, wewe na mama mlale Magomeni. Shemeji atawaona wapwa zake, mke wako atapumua, na mwenye gari akiwa ndani ya geti hakuna atakayechukua ufunguo bila kuomba. Nilipofikia hapo nikajiona nimemaliza kazi. Halafu nikamkumbuka mama. Nani anaingia naye kwenye chumba cha vipimo, nani anamsaidia kuvua na kuvaa? Kama ni mkeo, basi atakuwa akitoka Segerea alfajiri kila siku, na foleni ya Tabata wanaoishi huko wanaijua. Na dada yako, aliyewapokea miaka hii yote kwenye vyumba viwili, naye ana moyo. Ukihamisha nusu ya familia bila kumwandaa, utamaliza neno Segerea ukaanzisha Magomeni.

Mnaweza kurudi yadi. Hapo tafadhali kuwa mkali kama unayenunua ng'ombe. Nenda mchana, siyo saa nne usiku umechoka na watoto wanalia. Tazama fensi, tazama taa, uliza mlinzi wa usiku ni nani na anaingia saa ngapi. Dai risiti yenye namba ya gari. Ufunguo ondoka nao. Wakikuambia lazima ubaki, tafuta yadi nyingine, kwa sababu hapo utakuwa umelipia ugonjwa uleule. Piga picha dashibodi, vioo na taa mlinzi akiwa anaona. Baadhi ya sheli hukubali kulaza magari, na gesti nyingi zenye fensi humruhusu asiye mpangaji akilipa kidogo, ila zungumza na mwenye mali au meneja, usimalizane na mlinzi pembeni, maana zamu ikibadilika yule wa asubuhi hakujui. Tafuteni pia kabla hamjaingia katikati ya mji. Maeneo ya Kibaha, Mbezi na Kimara bado yana viwanja vyenye nafasi, na kutoka Kimara basi la mwendokasi linapita Magomeni kwenyewe. Ubaya wake? Mama mwenye moyo mgonjwa na miguu iliyovimba simshauri mwendokasi ya saa kumi na mbili asubuhi wala ya jioni watu wakitoka kazini. Labda mchana. Labda mama ashuke Magomeni kwanza, wewe urudi Kimara na gari peke yako. Inachosha, lakini Segerea ulikuwa unachoka vilevile.

Ukichagua yadi, shemeji ataambiwa nini? Hapo ndipo pagumu, kwa sababu ukimya wako utatafsiriwa. Mtu uliyezoea kumletea gari na mchele, safari hii humletei chochote na humwambii kitu, atasikia matusi ambayo hukuyatamka. Pengine kiroba kiende bila gari. Pengine mwende Jumapili wote, mama akiwemo, mkae mchana kutwa, mle, watoto wacheze, mwondoke jioni. Siwezi kukuhakikishia kwamba itatosha.

Halafu kuna kusema ukweli. Nakuonya usiuseme kwa ujumbe wa simu, na kwenye kundi la ukoo usithubutu. Maneno ya gari yakiandikwa yanasomwa kwa sauti kali kuliko uliyokuwa nayo. Kama utasema, mwanzo mmoja ninaoufikiria ni swali: "Shemeji, ile Jumatano gari lilipata safari? Niliona deni la maegesho nikashtuka, nikadhani wameiba namba." Hapo umempa mlango wa kutokea. Anaweza kusema, "Eeh, nilimpeleka jirani hospitali, nikasahau kukuambia," mkacheka, mkazungumza habari ya bima. Anaweza pia kukujibu, "Kwani mimi nikikuuliza ng'ombe utasemaje?" Na mwanangu, jiandae kwa jibu hilo, kwa sababu ukienda na mkono unaodai, naye ana wa kwake. Miaka kumi na miwili! Sikucheki, najua ada za shule zilivyo. Ila ng'ombe mmoja akifika, hata kwa thamani yake, hata kwa awamu, nadhani mazungumzo yenu yatakaa kwenye viti vingine.

Na mke wako. Unasema unamwogopa kwa sababu atapiga simu muda huohuo. Huenda. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini fikiria na upande wa pili: siku akishika simu yako kulipa maegesho hapo karibu na Nyerere Square, akaona madeni ya zamani ya tarehe mliyokuwa Muhimbili, atajiuliza gari lilikuwa wapi na nani. Hatafikiria Segerea kwanza. Atafikiria mambo mengine, na utaanza kujitetea kwa safari ambayo hukuifanya. Kuna wanawake ambao ukiwaambia, "Nimegundua jambo, sitaki tulifanyie kazi leo, nataka tu ulijue," wanaweza kulishika wiki nzima. Wapo wasioweza. Mwandae kulingana na unavyomjua, na pengine siyo usiku wa kuamkia safari.

Nimeacha jambo moja la mwisho kwa makusudi, kwa sababu wewe pia uliliacha mwisho, ukalipa mistari miwili.

Mama aliuliza kama treni haina viti.

Treni ya mwendokasi ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma Julai 2024. Nauli iliyotangazwa kwa treni ya kawaida ni 31,000, watoto wa miaka minne hadi kumi na mbili nusu, walio chini ya hapo hawalipi. Kwa familia yako, wewe, mama na mkeo ni 93,000, hao wawili wakubwa 31,000, wa miaka mitatu bure. Kwenda 124,000, kurudi hivyohivyo, jumla 248,000. Barabara ya kwenda tu ni kama kilomita 450, na kwa Noah yako nadhani mafuta ya kwenda na kurudi hayapungui 280,000, nikiacha chai ya Gairo na vituo vya Morogoro. Nauli ya treni ukiiongezea bajaji, gharama hizo mbili zinakaribiana. Kwa hiyo siwezi kusema treni itakuokolea pesa nyingi mkiwa wote. Mkienda wawili tu, wewe na mama, ni 124,000 kwenda na kurudi, na hilo ni jambo tofauti.

Ninachokitazama ni miguu ya mama. Kwa gari mnatumia saa ngapi, na vile vibao vya hamsini kila kijiji, na foleni mkishapita Kibaha? Saba? Nane? Treni ni kama saa nne, anaweza kunyanyuka akatembea, choo kimo ndani, na inawafikisha katikati ya mji, bajaji moja mpaka Magomeni. Na suala la kulaza gari linabaki Nkuhungu.

Treni nayo ina yake. Likizo tiketi zinawahiwa, kwa hiyo ukate mapema na vitambulisho viwe mkononi, cha mama usikisahau Bahi. Kuhusu mzigo ulizia kabla, usije ukafika stesheni na gunia la mchele ukaanza kubembeleza. Mama atatoka Bahi mpaka stesheni ya Dodoma kwa gari lako, hapo bado ni gari la mama. Na kama siku moja hali yake ikiwa mbaya njiani, kwenye gari lako unaweza kusimama Morogoro ukaingia hospitali. Kwenye treni huamui wewe. Muulizeni daktari wake anaonaje safari zote mbili. Mkiwa hapo, muulizeni pia kama baadhi ya vipimo vinaweza kufanyika hapa Dodoma, Benjamin Mkapa, mkaenda Muhimbili na majibu badala ya kwenda kuyasubiri. Hospitali hiyo inapandikiza figo tangu 2018, si zahanati. Daktari anaweza kukataa kwa sababu zake, lakini swali halina ada. Siku tano zikiwa mbili, hata yadi haitakuuma.

Nimefikiria kwa nini uliongeza sauti ya redio. Nadhani najua, na sikulaumu. Ulikopa ili mama asibanane, kijiji kizima kinaliita gari lile kwa jina lake, halafu yeye mwenyewe anauliza habari ya treni. Inauma. Ni kama umempikia mtu akaulizia chakula cha jirani. Ila huenda hakuwa akikataa gari lako. Huenda miguu ilikuwa inamuuma tu. Au huenda, kama wazee wetu wengi, alitaka kuliona hilo treni kabla hajafa, basi. Mambo matatu tofauti, na kila moja linabadilisha hesabu yako ya mwezi ujao, na mwenye jibu yuko Bahi.

Nenda Jumamosi hii, bila watoto kama inawezekana. Kaa naye nje. Muulize kuhusu treni, na safari hii uwe umezima redio. Na ukirudi pitia mnadani, uulize bei ya mtamba.

Shangazi